Buleti za picha zisizokaa sawa na maandishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwenye kaunta ya steshenari, ambako kazi nyingi ni CV, menyu za migahawa, ratiba za harusi na katiba za vikundi. Mfano mkuu ni Microsoft Word ya kompyuta. Programu nyingine zina maswali yao huko chini. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana wengi wetu tunatumia Word ya Kiingereza.

## Mwanzo

1. Buleti ya picha ni kitu gani hasa?

Ni kile kitone kinachotangulia kila kipengele cha orodha, ila badala ya kitone cheusi umeweka picha yako: nembo ya kikundi, kikombe cha chai, tiki ya kijani. Word huirudia yenyewe kila unapobonyeza Enter.

Usiichanganye na picha uliyoiingiza kwa Insert na kuisogeza kwa mausi mpaka ikae mbele ya neno. Kuzitofautisha ni rahisi: bofya juu yake mara moja. Buleti halisi hugeuka kijivu pamoja na wenzake wote wa ngazi ile ya orodha. Ikitoa vile vidoti vya kuvutia pembeni, hiyo ni picha ya kawaida, na dawa yake iko swali la 15.

2. Naiwekaje?

Chagua aya zako, nenda Home, bofya kimshale kilicho pembeni ya kitufe cha Bullets, kisha Define New Bullet, kisha Picture. Chagua faili lako na ukubali. Kabla hujafika huko, soma kwanza swali la 4. Litakupunguzia kazi ya maswali matano yanayofuata.

3. Kwa nini picha inaning'inia juu na maandishi yanabaki chini?

Kwa sababu Word haijui kwamba ile ni picha. Kwake ni herufi moja tu iliyotangulia mstari, na inaiweka kama inavyoweka herufi.

Kumbuka daftari la darasa la kwanza. Herufi a, m na n husimama juu ya mstari. Lakini g, j, p na y zina miguu inayoning'inia chini yake. Picha haina miguu. Ukingo wake wa chini hukanyaga mstari uleule, na kimo chake chote huelekea juu. Ikiwa ndogo huoni tatizo. Ikiwa kubwa kuliko herufi, kitovu chake hupanda na jicho linaanza kulalamika.

Tuhesabu. Kwenye Times New Roman ya pointi 12, herufi kubwa ina kimo cha karibu pointi 8, kwa hiyo katikati yake ni pointi 4 juu ya mstari. Picha yenye kimo cha pointi 18 ina katikati yake kwenye pointi 9. Tofauti ni pointi 5. Inchi moja ina pointi 72, kwa hiyo hapo unazungumzia karibu milimita 2. Kwenye karatasi ya A4, milimita 2 anaziona hata asiyejua anaangalia nini.

## Juu na chini

4. Nianze kurekebisha wapi?

Kwenye picha yenyewe, kabla ya Word. Hili watu hawalipendi kwa sababu linawarudisha nyuma, lakini ndilo chanzo cha nusu ya kesi ninazoletewa.

Niliwahi kupanga menyu yenye kikombe kidogo cha kahawa mbele ya kila kinywaji. Nikashusha, nikapandisha, nikabadilisha fonti, na kikombe bado kinaelea kama puto. Mwishowe nikaifungua picha kwenye Paint. Chini ya kisahani kulikuwa na utepe mtupu, karibu robo ya kimo cha picha nzima. Word ilikuwa imeusimamisha ule utepe juu ya mstari kwa usahihi kabisa. Mimi nilikuwa nakitazama kikombe. Nikaukata, na kazi ikaisha kwa dakika moja.

Basi kata nafasi tupu pande zote nne mpaka mchoro uguse kingo, na hakikisha picha inakaribia umbo la mraba. Nembo ndefu ya mlalo haifai kuwa buleti hata ukiibembeleza.

5. Nimeshaikata na bado iko juu. Naishushaje?

Bofya buleti moja ili zote zigeuke kijivu, bonyeza Ctrl+D, fungua kichupo cha Advanced, na kwenye Position chagua Lowered. Kisanduku cha pembeni yake kinataka pointi. Unaweza pia kufika hapo kwa kitufe cha Font ndani ya Define New Bullet.

Kiasi cha kushusha kinatokana na hesabu ya swali la 3: kimo cha picha, toa kimo cha herufi kubwa, gawa kwa mbili. Picha ya pointi 12 kando ya maandishi ya pointi 12 itataka pointi 2. Hiyo ni hesabu ya kuanzia tu. Picha yenye uzito chini, kama chungu au kikapu, huonekana imezama hata ikiwa katikati kwa rula, kwa hiyo ipandishe nusu pointi kisha uamini jicho lako. Kuza skrini mpaka asilimia 200 unapopima. Kwenye asilimia 100 nusu pointi haionekani vizuri, ilhali printa itaionyesha.

6. Naibadilishaje picha ukubwa bila kugusa maandishi?

Kwa saizi ya fonti. Ni herufi, tulikwishakubaliana. Bofya buleti zigeuke kijivu, kisha andika saizi mpya kwenye kisanduku cha fonti. Maandishi hayatatikisika.

Ushauri wangu ni usizidi saizi ya maandishi kwa zaidi ya robo. Maandishi ya 12, picha ya 14 au 15. Ukitaka kubwa zaidi ya hapo, huhitaji buleti, unahitaji jedwali.

7. Buleti moja tu ni kubwa kuliko nyingine, na sijaigusa. Imekuwaje?

Umeigusa bila kujua. Buleti hufuata umbo la ile alama isiyoonekana inayofunga aya. Kama uliongeza saizi ya neno la mwisho na ukachagua mstari mzima, alama ile nayo ilikua, na picha ikaifuata. Bonyeza Ctrl+Shift+8, utaiona mwishoni mwa aya kama herufi P iliyogeuzwa mgongo. Ichague peke yake na uirudishe kwenye saizi ya wenzake. Kasoro hii hii ndiyo hufanya buleti moja ya kawaida kuwa nyekundu au nzito peke yake.

8. Mstari wa kwanza wa kila kipengele umeachana na wa pili. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Picha ni ndefu kuliko herufi, na Word imepanua mstari wa kwanza ili iitoshe; mstari wa pili hauna picha, kwa hiyo umebaki ulivyo. Mpangilio unaonekana kama ngazi iliyokosa daraja.

Kwanza punguza picha. Isiposaidia, fungua dirisha la Paragraph, na kwenye Line spacing chagua Exactly, kisha taja pointi. Kwa maandishi ya 12, jaribu 15. Mistari yote italingana. At least haisaidii hapa, kwa sababu inaruhusu mstari kupanuka, na kupanuka ndiko tunakokukimbia.

9. Nilifanya hivyo na sasa picha imekatwa kichwa.

Exactly haina huruma: kinachozidi kimo ulichotaja hakichorwi. Ongeza pointi moja moja mpaka kichwa kirudi, au punguza picha.

10. Niliambiwa nitafute Asian Typography kwenye dirisha la Paragraph. Kwangu haipo.

Haipo mpaka uiambie Word kwamba unaandika lugha ya Asia ya Mashariki. Nenda File, Options, Language, ongeza Kijapani au Kichina kama lugha ya kuandikia, funga Word na uifungue upya. Kichupo kitatokea. Ndani yake kuna Text alignment; chagua Center, na vitu vyote vya mstari mmoja vitapangwa kwa vitovu vyao badala ya kukanyaga mstari wa chini. Ndiyo, ili menyu ya chapati na maharage ikae sawa inabidi ujifanye Mjapani. Lakini pale maandishi yanapobadilika saizi mara kwa mara, njia hii inakuepusha na hesabu za swali la 5, na inafaa pia kwa vijipicha vilivyowekwa katikati ya sentensi.

Mpangilio hubaki ndani ya faili. Ukishamaliza unaweza kuiondoa hiyo lugha.

## Kushoto na kulia

11. Kwa nini maandishi yanaanza mbali mno na picha?

Kati ya buleti na neno la kwanza kuna tabo, yaani ule mruko wa kitufe cha Tab unaopeleka maandishi hadi kituo fulani, hata kama huioni. Word kwa kawaida huweka buleti kwenye sentimita 0.63 na maandishi kwenye 1.27. Picha ikiwa nyembamba kuliko nafasi hiyo, tabo inasimama kwenye 1.27 na mambo ni shwari. Picha ikiwa pana, inaivuka 1.27 yenyewe, na tabo haina pa kusimama ila kituo kinachofuata, huko mbali. Ndiyo maana maandishi huruka ghafla baada ya kuongeza saizi kidogo tu, hayasogei polepole.

Bofya buleti kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Adjust List Indents, na uongeze Text indent mpaka ipite upana wa picha na nafasi kidogo ya kupumulia. Chini yake kuna Follow number with. Ukichagua Space badala ya tabo, neno litaisogelea picha, ila mstari wa pili hautalingana na wa kwanza. Acha tabo.

12. Mstari wa pili unarudi chini ya picha badala ya kuanzia chini ya maandishi.

Ujongezo, yaani umbali wa mistari kutoka ukingo wa kushoto, umevunjika, mara nyingi kwa sababu mtu alivuta vile vipembetatu vya rula bila kujua kipi ni kipi. Cha juu kinashika mwanzo wa mstari wa kwanza, na cha chini kinashika mistari yote inayofuata. Vuta cha chini mpaka pale neno la kwanza linapoanzia. Ukitaka orodha nzima ifuate, pita Adjust List Indents kama kwenye swali la 11. Rula hurekebisha zile aya ulizochagua tu.

13. Buleti zenyewe hazijapangana kwenye mstari mmoja wa wima.

Hapo kuna mambo mawili. Ikiwa baadhi ya aya zimesogezwa kwa mkono, chukua aya iliyo nzuri, bofya Format Painter, kisha pakaa zilizopotoka. Ikiwa zote ziko sawa lakini picha zina upana tofauti, rudi Define New Bullet na uangalie Alignment. Left hulinganisha kingo za kushoto, Right za kulia, na Centered hulinganisha vitovu. Kwa picha zisizolingana upana, Centered ndiyo hupendeza.

Watu hupenda kubonyeza Ctrl+Q ili kufuta marekebisho ya mkono. Inafanya kazi, ila ikiwa orodha yako haikutokana na staili (mpangilio uliohifadhiwa kwa jina), itaifuta orodha yenyewe pia. Tazama swali la 17.

14. Kwani siwezi kusogeza kwa spacebar tu?

Unaweza. Kisha mteja ataomba fonti nyingine, na utaanza upya mstari kwa mstari saa mbili usiku, umeme ukiwa wa mashaka.

## Picha nyingi, hati ndefu

15. Nataka kila kipengele kiwe na picha yake: simu, barua pepe, anwani. Buleti zinafaa?

Hapana, na ni swali la kila mwenye CV. Kila picha itahitaji orodha yake, na kila orodha itakuja na ujongezo wake. Utamaliza na orodha tatu zinazojifanya moja.

Tumia jedwali lenye safu wima mbili. Picha zikae kushoto, maandishi kulia. Chagua jedwali lote, nenda kichupo cha Layout cha jedwali, bofya Align Center Left, na picha zitatulia katikati ya kimo cha kila mstari bila hesabu yoyote. Ondoa mistari ya jedwali kwa No Border. Kila seli huja na nafasi ya sentimita 0.19 kushoto na kulia. Ukiona maandishi hayalingani na aya zilizo juu ya jedwali, chanzo ni hicho. Kirekebishe kwenye Cell Margins.

16. Picha iwe na pikseli ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Picha ya pointi 12 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inatumia pikseli 50 kila upande. Hata printa ya nukta 600 inataka 100. Tengeneza ya 200 kwa 200 na umejihakikishia. Mtu anayepachika picha ya kamera yenye pikseli 4000 hapati ubora wowote wa ziada. Kwenye upana wa pointi 12 inageuka doa tu. Mchoro wenye mistari minene na rangi mbili ndio husomeka.

Hifadhi kama PNG yenye usuli wazi, yaani nyuma ya mchoro pasiwe na rangi yoyote. JPEG haina uwazi, na ukipaka ukurasa rangi, kila buleti itajitokeza ndani ya kisanduku cheupe.

17. Hati yangu ina kurasa 60. Nirekebishe kila orodha?

Hapo ndipo staili inapolipa. Bofya kwa kulia staili ya List Bullet, Modify, Format, Numbering, na uiwekee buleti yako ya picha. Kila aya yenye staili hiyo itafuata, na marekebisho ya kushusha au kukuza utayafanya mara moja. Orodha zenye ngazi zinapitia Define New Multilevel List. Word inaruhusu ngazi 9, lakini mimi picha huiweka ya kwanza tu. Ngazi za ndani ziachie kistari au kitone.

18. Je, kuna njia ya kukwepa picha kabisa?

Ipo, na mara nyingi ni bora. Ukitaka tiki, nyota, mshale au mkono unaonyesha, fonti ya Wingdings inavyo tayari. Kwenye Define New Bullet bofya Symbol badala ya Picture. Alama hizo zimechorwa kwa vipimo vya herufi, kwa hiyo zinakaa karibu na mahali pake tangu mwanzo, na unazibadilisha rangi kwa kubofya tu. Picha ibakie kwa kile ambacho hakuna fonti inayo, kama nembo.

## Programu na mashine nyingine

19. Natumia LibreOffice Writer.

Una bahati. Kwenye Bullets and Numbering, kichupo cha Customize, chagua Graphics kama aina ya alama, kisha picha yako. Utapewa sehemu ya kuandika upana na kimo kwa vipimo halisi, kisanduku cha Keep ratio, na chini yake Alignment, inayokuruhusu kulinganisha picha na mstari wa msingi, herufi au mstari mzima, juu, katikati au chini. Chagua katikati ya mstari na umemaliza. Hapa Word imeachwa nyuma, na sioni haya kusema.

20. Na Google Docs?

Google Docs hutumia herufi na emoji kama buleti, haitumii picha. Ukilazimika kufanya kazi huko, rudi kwenye jedwali la swali la 15.

21. Mbona PowerPoint hainipi Position?

Buleti ya PowerPoint inajua ukubwa tu, kwa asilimia ya maandishi, kuanzia 25 hadi 400. Ukitaka picha ishuke, idanganye: ongeza utepe mtupu juu ya mchoro ndani ya faili la picha, kinyume cha kile tulichokata kwenye swali la 4. Mchoro utasogea chini ndani ya nafasi yake. Ongeza kidogo kidogo.

22. Kwangu iko sawa, kwa mteja imeharibika.

Picha husafiri ndani ya faili, kwa hiyo mara nyingi si yenyewe. Ni fonti. Kompyuta yake haina fonti uliyotumia, imeweka nyingine yenye kimo tofauti, na hesabu yako ya kushusha haimhusu tena. Kama hatahariri, mpe PDF. Kama atahariri, tumia fonti ambayo unajua anayo.

23. Natengeneza kijitabu cha madrasa, upande mmoja Kiswahili na mwingine Kiarabu. Buleti za Kiarabu zimekaa kushoto.

Aya yenyewe bado inasomwa kutoka kushoto. Ongeza Kiarabu kwenye Language kama ulivyofanya swali la 10, na kwenye kundi la Paragraph kitatokea kitufe cha kuelekeza aya kutoka kulia. Bofya, na buleti, tabo na ujongezo vyote vitahamia kulia bila wewe kupima upya.

Wima ni habari nyingine. Herufi kama ع na ي zikiwa mwishoni mwa neno hushuka chini sana ya mstari, kwa hiyo picha iliyokaa vizuri kwenye Kiswahili itaonekana imepanda kwenye Kiarabu. Zitengenezee orodha mbili tofauti, na ile ya Kiarabu uishushe pointi moja au mbili zaidi. Na kama buleti yako ni mshale au mkono unaonyesha, Word haitaugeuza. Utaendelea kuelekea kulia, ukiyapa mgongo maandishi, mpaka uifungue picha na kuipindua mwenyewe.